Rangi Iliyo Chini ya Nyeupe

Koplo Nyange aligonga mlango wa Bi Tatu kwa kona ya lile sanduku lake la chuma, na mtaa mzima wa Bweni Mpya ukasikia. Ambaye hakusikia ni paka mwekundu aliyelala kwenye dirisha la ukumbini. Hakutikisa sikio wala kufumbua jicho. Sikudhani Shekue aliliona hilo kabla hajavuka kizingiti, akatamani asingeliona, maana kazi yake ilikuwa kuona, na akishaona hakuwa na ruhusa ya kusahau.

Alikuwa msomaji wa paka wa Pangani ya Juu, mji uliopandishwa mlimani baada ya bahari kuumeza ule wa chini. Watu walipohama na mahindi yao walihama na panya wao, na panya wakaja na homa. Homa ile haikuwa na haraka. Ilimkaa mtu wiki mbili na ushei huku anakula na kucheka, siku ya kumi na tisa ufizi ukaanza kuvuja damu, siku ya ishirini na moja jamaa wakatafuta sanda. Paka ndiye aliyekuwa dawa, na paka huyo huyo ndiye aliyekuwa balaa: alikula panya, akaubeba ugonjwa katika mate yake, akaja kumlamba mwenye nyumba mkono.

Ndipo mafundi wa maabara wakamtengeneza Paka wa Ghala. Walipandikiza kinga kwenye kromosomu ya X, jirani kabisa na ile jeni inayofanya manyoya yawe mekundu, vitu hivyo viwili vikawa haviachani. Paka akirithi wekundu, amerithi na kinga. Akiwa mweusi, hana. Tangu hapo mtu aliangalia rangi tu. Mwekundu alibaki ndani. Mweusi aliingia kwenye sanduku la Koplo Nyange, kifuniko kikafungwa, gesi ikafunguliwa. Mweupe naye aliingia humo humo bila kusomwa, kwa sababu weupe wa paka ni shuka iliyofunika rangi nyingine, na sheria haikuwa na muda wa kufunua mashuka.

Kila paka alisomwa akiingia mwezi wa nne wa umri wake, kabla meno ya utoto hayajaanza kung'oka, kwani mate ya paka mchanga bado hayabebi ugonjwa. Kitambulisho cha Sikudhani kilikuwa na masharti sita nyuma yake. Matano aliyajua kama Alhamdu. La sita, la dhamana, wasomaji hawakupenda hata kulitaja. Wa mwisho kulitumia alikuwa Mzee Kilua, na alitolewa nyumbani kwa jeneza siku ya ishirini na mbili.

"Hodi, somo. Shikamoo."

"Marahaba." Bi Tatu alikuwa amekaa kwenye mkeka, uso ameuelekeza mlangoni, macho yake yana ukungu. "Sauti hiyo ya Sikudhani. Umenenepa au umekonda? Macho yangu siku hizi hayana habari."

"Nimekonda."

"Basi hujaolewa tena."

Koplo Nyange alikohoa kuficha kicheko. Sikudhani hakucheka, ila kitu fulani kifuani kilimlegea kidogo. Hakuna mtu mwingine mjini aliyethubutu kumtania. Bi Tatu ndiye aliyemfunda akiwa mwari, ndiye aliyempamba siku aliyoolewa na Hizza, na siku saba za fungate alikaa chumba cha pili akiwapikia na kuwalinda. Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba umekuja kikazi. Anajua mwenyewe, na anakuacha uone haya.

*

Koplo Nyange alifungua fomu. "Jina la paka?"

"Hana. Nikimwita haji, jina la nini?"

"Aina?"

"Ghala halisi," Bi Tatu alisema upesi. "Baba Ghala, mama Ghala. Andika, baba, usiogope."

Sikudhani alimchukua paka mapajani. Alikuwa jike, mwepesi kama kitambaa, akamwangalia kwa jicho moja la manjano na jingine la buluu. Alimpapasa fuvu, akashuka taya, akavuta mkia taratibu baina ya vidole. Watu wa mjini walidhani aina ya paka inasomwa kwenye manyoya, naye alikuwa amechoka kuwaeleza kwamba manyoya ni nguo, na nguo huvaliwa na yeyote. Aina iko kwenye mfupa. Paka wa Ghala ana taya refu na masikio mapana yaliyokaa mbalimbali. Huyu kichwa chake kilikuwa cha mviringo, masikio yamesogeleana, mkia mwembamba ncha yake butu.

"Andika paka wa mtaani," alisema.

"Mtaani!" Bi Tatu alichukia kweli. "Umemsikia mtu wangu mwenyewe."

"Paka wengi hawana aina, somo. Ni paka tu, kama sisi tulivyo watu tu. Si tusi."

Kisha akamgeukia rangi. Hakuna paka mwekundu asiye na mistari. Ile jeni inayomfuta mweusi michirizi yake haina nguvu juu ya wekundu, kwa hiyo hata yule anayeonekana rangi moja, ukimtia kwenye mwanga wa ubavuni utaiona. Mwekundu mtupu kapakwa rangi, na msomaji mgeni hudanganywa naye. Sikudhani alimsogeza paka dirishani, jua la saa tatu likampiga ubavuni, na mistari ikaonekana.

Ilikuwa mizuri mno. Ilipishana kwa nafasi sawa, kushoto kama kulia, na kila mmoja ulipofika tumboni ncha yake ilikunjwa kidogo kurudi nyuma, kama ndoana. Sikudhani aliijua ncha ile. Aliwahi kuivaa yeye, mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, na Hizza usiku wa kwanza alizihesabu ndoana moja moja akakosea kwa makusudi ili aanze upya.

Alivuta pumzi. Paka hakuwa amesikia mlango ukigongwa. Paka weupe wengi huzaliwa viziwi, hasa wenye jicho la buluu.

"Koplo, nenda garini kaniletee mashine ya kupima damu."

"Tuitumie kwa huyu? Mashine ni ya mwekundu mwenye shaka tu."

"Nina shaka," alisema Sikudhani, na hilo halikuwa uongo.

*

Nyange alipotoka, Sikudhani alihamia kwenye mkeka, akakaa goti kwa goti na mwalimu wake.

"Mficha uchi hazai, somo. Umempaka hina."

Mkono wa Bi Tatu ulitambaa juu ya mkeka mpaka ukamkuta paka, ukatulia mgongoni mwake.

"Umejuaje? Niliambiwa nichore mistari, nikachora."

"Umechora kama unayempamba bibi harusi. Zile ndoana zako."

"Loo." Bi Tatu alitikisa kichwa. "Mkono huu haujui kuchora vibaya. Miaka sitini, utaufunza lini?" Kisha sauti yake ikashuka. "Aliingia mwenyewe, Siku. Mvua ilikuwa inanyesha, akaja akanilalia hapa shingoni. Watoto wangu wanne nimewazika kwa homa hii. Tangu azikwe wa mwisho nilikuwa siamki mpaka jua linikute kitandani; naamka nifanye nini? Huyu ananiamsha alfajiri, ananisugua uso anataka maziwa. Jirani akaniambia, Bi Tatu, paka wako mweupe, watakuja kumchukua. Mweupe kakosa nini? Nikakoroga hina."

Sikudhani aliumia. Adhabu ya kuficha weusi wa paka ilikuwa siku tisini kwenye kambi ya ng'ambo ya mto, na mtu wa umri wa Bi Tatu hakuwahi kurudi kutoka huko akitembea. Nyange alirudi na mashine. Sikudhani akamtoboa paka sikio, akadondosha tone la damu kwenye kijishimo cha mashine, na wote watatu wakasubiri kijitaa kiache kupepesa.

Nyange ndiye aliyesoma kwa sauti. "Mweupe juu. Chini..." Akamtazama paka, akazitazama kucha za Bi Tatu zilizoiva hina, akaelewa. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyebeba sanduku miaka kumi na moja na asiyetaka kulifikiria. "Bi Msomaji, mweupe ni wa sanduku. Hata tusiende mbali."

"Mweupe anaingia sandukuni kwa sababu hajasomwa. Huyu ameshasomwa. Malizia."

"Chini, X moja nyekundu. X moja nyeusi."

"Hiyo maana yake nini?" Bi Tatu aliuliza. "Semeni Kiswahili."

Sikudhani alimweleza polepole, kama yeye alivyoelezwa mambo mengine zamani katika chumba cha ndani. Dume lina X moja, basi ni mwekundu au mweusi, hakuna mjadala. Jike lina mbili, moja ya mama na moja ya baba. Lakini mwili hautumii zote mbili. Mtoto akiwa bado tumboni, kila seli yake hufunga X moja na kubaki na nyingine, na kila seli hujiamulia kivyake, na watoto wa seli hiyo hufuata uamuzi ule maisha yote. Panapoachwa nyekundu, hapo pana wekundu na kinga. Panapoachwa nyeusi, hapo hapana kitu. Ndiyo maana paka wa mabaka karibu wote ni majike.

"Kwa hiyo huyu ana kinga au hana?"

"Ana nusu. Mahali pengine ana, mahali pengine hana. Sheria inasema paka wa mabaka apimwe kwa macho: wekundu ukizidi weusi, abaki. Weusi ukizidi, achukuliwe."

"Sasa macho yataona nini," alisema Nyange, "na juu yake kuna shuka nyeupe, na juu ya shuka kuna hina?"

Sikudhani alikuwa ameshaanza kutafuta. Alijua kitu ambacho Nyange hakukijua. Watoto wengi wa paka weupe huzaliwa na doa dogo utosini, kama kidole kilichochafuka, na doa hilo ndilo rangi ya kweli inayochungulia. Hukaa miezi michache, kisha paka akibadilisha manyoya hutoweka na halionekani tena. Alitoa kioo cha kukuzia, akaufungua utosi wa paka kwa ncha ya kibanio. Pale hina ilikuwa imekolea kuliko mahali pengine popote.

"Somo, hapa kichwani palikuwa na nini?"

"Pale? Uchafu. Nilisugua kwa sabuni haukutoka. Jirani alisema panaonekana kama pameungua, basi nikapapaka mara tatu ili pafunikwe vizuri." Aliinua uso. "Kwa nini?"

Pale ndipo palipokuwa na ushahidi wa paka yule, mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba, na mapenzi ya mwenyewe ndiyo yaliyopaziba. Alitaka kunyamaza, asimwambie kamwe. Halafu akakumbuka kwamba mikono ya Bi Tatu haikumdanganya hata siku moja, akamwambia. Bi Tatu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Innalillahi," na machozi yakamshuka bila sauti.

*

Hina ilikuwa na wiki mbili, na chini yake, pale kwenye doa, manyoya mapya yalikuwa yameanza kutoka. Sikudhani alijaribu kuyahesabu mashina hayo chini ya kioo. Yalikuwepo mekundu, yalikuwepo meusi, yamechanganyika kama mchele na chuya. Mara ya kwanza mekundu yalizidi. Mara ya pili paka alipiga chafya na hesabu ikapotea. Mara ya tatu meusi yalizidi kwa mawili, na mawili yale hakuwa na hakika kama yalikuwa meusi au yalikuwa kivuli cha kidole chake.

Fomu ilikuwa na miraba miwili tu. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumkosoa.

Miaka tisa nyuma alikaa hivi hivi na paka wa mabaka mapajani. Alikuwa paka mzuri, zawadi ya harusi ya jirani, wekundu umemjaa mgongoni. Sikudhani hakumgeuza tumbo. Aliandika wekundu umezidi, akatabasamu, akaenda nyumbani. Paka yule alikuwa na tabia ya kuruka ukuta kuja kulala kwenye kiti cha Hizza. Siku ya kumi na tisa Hizza alitema mate bafuni na mate yakawa mekundu, akamwita mkewe kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba taulo. Majirani wawili walimfuata.

Tangu siku ile Sikudhani hakumpitisha paka wa mabaka hata mmoja. Wote aliandika weusi umezidi. Mji ulimsifu kwa umakini, Idara ikampa cheti, na yeye alijua cheti kile ni cha woga. Wangapi kati yao walikuwa salama? Kosa la kwanza lilikuwa na makaburi matatu, na kila Ijumaa aliyapitia. Kosa la pili halikuwa na kaburi. Mizoga ya sandukuni huchomwa na majivu yake hutupwa, na mwenye paka hupewa pole. Yawezekana alikuwa amewaua mia kwa sababu ya yule mmoja. Alikuwa anaijua hesabu hiyo na hakuwahi kuifanya.

"Bi Msomaji," Nyange alisema taratibu, "weka weusi. Kuhusu hina mimi sikuona kitu. Bi Tatu asiende kambini. Tumchukue paka tu, yaishe."

Ilikuwa huruma, na aliitoa kwa moyo wote. Bi Tatu aliisikia. Alimnyanyua paka, akambusu palipokuwa na doa, akamnyoosha kwa mikono miwili kuelekea mahali alipodhani Sikudhani amekaa.

"Mchukue, mwanangu. Mimi nimeshapaharibu. Usije ukabeba na dhambi yangu."

Paka alining'inia baina yao, miguu inachezacheza hewani, hana habari. Sikudhani alimpokea. Kisha akakigeuza kitambulisho chake na kumsomea Nyange sharti la sita.

"Msomaji asiyeweza kusema ndiyo wala siyo, na awe dhamana ya shaka yake. Atafungiwa na paka huyo siku arobaini. Mwisho wa siku hizo, afya yake ndiyo jibu."

"Hapana," alisema Nyange. "Mzee Kilua..."

"Mzee Kilua namjua. Na mwenye nyumba anaruhusiwa kutoka. Somo, utakwenda kwa jirani."

"Niende kwa jirani niwaache wageni wangu wawili peke yao?" Bi Tatu alisema. "Nani amekufunza adabu hizo? Si mimi."

Walibishana mpaka adhuhuri. Sikudhani aliomba, alikemea, akatishia. Bi Tatu alikwenda kutawadha, akaswali, akarudi kukaa pale pale. Mwishowe Sikudhani akachukua fomu. Hakutia alama mraba wowote. Kwenye nafasi iliyo chini aliandika yote: mweupe, chini yake mabaka, kapakwa hina na mwenye paka kwa kutojua rangi iliyo chini, idadi haikupatikana, nimekuwa dhamana. Akatia sahihi. Koplo Nyange aliisoma mara mbili. Akachukua sanduku lake tupu na kwenda nje kutafuta nyundo.

*

Alipokuwa anapigilia ubao wa karantini mlangoni, nyumba ilitikisika. Paka alikuwa amelala kwenye mkeka, jua tumboni. Karibu naye palikuwa na jino dogo jeupe, kama punje ya mchele, lililong'oka sasa hivi. Sikudhani aliliokota. Kuanzia hapo mate ya paka yangeanza kusema ukweli.

"Siku ya kumi na tisa itakuwa lini?" Bi Tatu aliuliza kutoka jikoni.

"Jumanne, wiki ya tatu."

"Basi Jumanne hiyo tutaamka na kutazamana ufizi. Kabla ya hapo sitaki kusikia habari zake."

Alirudi amebeba bakuli, akalishusha chini, na harufu ya hina mbichi ikajaa chumbani. "Lete mkono."

Sikudhani aliirudisha mikono yake nyuma. "Mimi mjane, somo. Sipaki hina."

"Eda ni miezi minne na siku kumi. Wewe umekaa miaka tisa. Hesabu hiyo nayo hukuipata kwangu."

"Somo, hatujui kama tutatoka."

"Hata bibi harusi hajui. Ndiyo maana tunampamba kabla." Mkono wa kizee ulikuwa umenyooshwa, umefunguka, unasubiri. "Safari ile nilikaa nawe siku saba. Safari hii nitakaa arobaini. Lete mkono, Sikudhani, hina inakauka."

Nje, Nyange alipiga msumari wa mwisho. Sikudhani alilia kwa sauti, kama ambavyo hakulia siku ya maziko ya Hizza, na akiwa analia akautoa mkono wa kulia. Bi Tatu aliupapasa kutafuta mahali pa kuanzia, akaanzia kwenye kifundo. Hakuwa anaona, wala hakuhitaji kuona. Mstari ulipanda taratibu juu ya mshipa, ukavuka kiganja, ukafika kwenye kidole gumba, na ncha yake ikakunjwa kidogo kurudi nyuma. Paka aliamka, akajinyoosha, akaja kuunusa ule mkono. Kisha akaanza kuulamba, na Sikudhani akauacha.